Sura ya Tano: Kazi Niliifanya Juzi, Mbona Naumwa Leo?

Kila baada ya bonanza la maveterani, kila msimu wa kulima unapoanza, na kila mara mtu aliyekaa mwaka mzima bila mazoezi anapojiunga na klabu ya jogging ya mtaani, swali huwa lile lile. Jumamosi alicheza vizuri, akaoga, akala, akalala. Jumapili aliamka na ugumu kidogo mapajani, akaupuuza. Jumatatu ndiyo ikawa siku yenyewe: kushuka kwenye daladala ni taabu, kuchuchumaa chooni ni taabu, na ngazi za ofisini anazishuka huku ameshika ukuta. Sasa anauliza: kazi niliifanya juzi, mbona maumivu yamekuja leo?

Majibu ya mtaani ni mengi. Wapo wanaomwambia kuna asidi imeganda kwenye misuli. Wapo wanaosema ni baridi imemwingia. Wengine wanamshauri akapime malaria, na kwa mazingira yetu ushauri huo si wa kudharau kama ana homa. Lakini kwa mtu asiye na homa, ambaye siku moja au mbili zilizopita alifanya kazi asiyoizoea, jibu limo ndani ya msuli wenyewe. Ili tulifikie, inabidi kwanza tujue msuli umejengwaje.

Anzia kwenye sahani

Nyama unayoinunua buchani ni msuli. Steki, mnofu wa paja, kidari cha kuku, vyote ni misuli iliyokuwa ikifanya kazi siku chache nyuma. Chukua kipande cha nyama ya ng'ombe kilichochemka kikaiva kabisa, kiache kipoe, kisha ukichambue kwa vidole. Utaona kwamba kinachanika upande mmoja tu, kwa kufuata urefu wake. Ukijaribu kukikata kwa kukingama kinagoma. Hayo mafungu membamba yanayokuja mkononi ndiyo muundo wa msuli. Kati ya fungu na fungu kuna utando mweupe, ule unaong'ang'ania kwenye meno. Ukifuata utando huo hadi mwisho wa mnofu, unakuta umejikusanya na kuwa mkanda mgumu, mweupe, unaong'aa. Huo ni ukano, sehemu inayoufunga msuli kwenye mfupa. Mpishi huutupa au huuchemsha kwa saa nyingi, lakini mnyama asingeweza hata kusimama bila huo.

Sisi nasi tumejengwa hivyo hivyo. Ndani ya kila fungu kuna seli ndefu, na seli hizo ndizo tunazoziita nyuzi za msuli. Seli ni chembe hai ndogo zinazojenga mwili. Nyingi hazionekani kwa macho, lakini seli ya msuli ni ya ajabu kwa sababu ina upana usiozidi unywele na urefu unaoweza kufika sentimita kadhaa. Ndani ya uzi huo mmoja mna nyuzi nyembamba zaidi, mamia kwa mamia, na kila mojawapo imegawanyika katika vipingili vifupi vilivyopangwa mstari mmoja, kimoja baada ya kingine. Ukipanga vipingili 400 kichwa kwa mkia, utajaza milimita moja tu.

Kazi yote ya mwili hufanyika ndani ya kipingili hicho. Jembe linaloinuliwa, mtoto anayebebwa, jicho linalogeuka kufuata maneno ya ukurasa huu, vyote vinaanzia humo.

Msuli huvuta tu

Ndani ya kipingili mna aina mbili kuu za protini, yaani vitu vinavyojenga mwili. Moja inaitwa aktini, nyingine mayosini. Zimelala sambamba, zikipishana. Mayosini ina vichwa vidogo vingi vinavyojitokeza ubavuni. Msuli unapoamriwa kufanya kazi, vichwa hivyo huishika aktini, huivuta, huiachia, hushika mbele zaidi, huvuta tena, sawasawa na timu ya kuvuta kamba ambayo kila mchezaji anashika, anavuta, kisha anasogeza mikono mbele. Kamba yenyewe haipungui urefu. Kinachobadilika ni kwamba imesogea upande mmoja. Hivyo ndivyo kipingili kinavyofupika, na vipingili maelfu vikifupika kwa pamoja, msuli mzima unafupika na mfupa unafuata.

Jambo hili lilijulikana mwaka 1954 tu. Toleo moja la jarida la Nature la Uingereza lilibeba taarifa mbili bega kwa bega: moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Akina Huxley hao wawili hawakuwa ndugu. Kila timu ilikuwa imefika mahali pamoja kwa njia yake: nyuzi za ndani hazijikunyati, zinateleza na kupishana.

Kutokana na muundo huo, msuli unajua kazi moja tu, kuvuta. Hauwezi kusukuma. Unaposukuma gari lililozimika, msuli wa nyuma ya mkono ndio unaovuta mfupa ili kiwiko kinyooke. Ndiyo maana misuli mingi ya mifupa hufanya kazi kwa jozi, mmoja mbele na mwingine nyuma: wa mbele ukivuta mkono unakunjika, wa nyuma ukivuta mkono unanyooka. Mwili una misuli ya namna hii zaidi ya 600.

Amri yenyewe hutoka kwenye ubongo, hupita uti wa mgongo, na hufika kwenye msuli kupitia neva, yaani mishipa ya fahamu. Mwisho wa neva humwaga kemikali kidogo juu ya uzi wa msuli. Uzi nao hufungua akiba yake ya madini ya kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayofungua nafasi kwenye aktini ili vichwa vya mayosini viishike. Yote hayo huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde.

Halafu kuna nishati. Chakula tunachokula hubadilishwa kuwa kitu kidogo kinachoitwa ATP, ambacho ndicho fedha taslimu ya kila seli. Watu wengi wanadhani ATP inahitajika ili msuli ukaze tu. Inahitajika pia ili uachie, kwa sababu kichwa cha mayosini hakiwezi kuachia aktini mpaka kipate ATP mpya. Mtu akifariki, mwili hauitengenezi tena, vichwa vinabaki vimeshika, na baada ya saa chache maiti hukakamaa. Waoshaji wanalijua hilo kwa mikono yao. Ndiyo maana huwahi kumfumba marehemu macho, kumfunga kidevu na kumnyoosha viungo kabla mwili haujagoma.

Kwa ufupi, mpaka hapa:

- Msuli ni mafungu ya nyuzi, na kila uzi ni mstari mrefu wa vipingili.
- Kipingili hufupika kwa sababu protini mbili zinavutana na kupishana.
- Msuli huvuta, hausukumi, na huhitaji nishati kukaza na kuachia.
- Utando unaofunga nyuzi huishia kwenye ukano, na ukano umeshika mfupa.

Si misuli yote inayouma

Tuliyoieleza ni misuli ya mifupa, ile inayotii amri yako. Zipo aina nyingine mbili. Misuli laini imezunguka utumbo, mishipa ya damu, kibofu na mfuko wa uzazi. Inafanya kazi polepole bila kukuuliza. Msuli wa moyo uko peke yake, unapiga karibu mara 100,000 kwa siku na hauna likizo. Hakuna anayeamka akisema moyo unamuuma kwa sababu jana ulipiga sana. Maumivu ya kifua yana sababu nyingine kabisa, na mtu mwenye maumivu hayo aende hospitali. Maumivu ya keshokutwa ni ya misuli ya mifupa peke yake.

Kupanda kunachosha, kushuka kunaumiza

Sasa turudi kwenye swali letu kwa kupitia mlima Kilimanjaro.

Wageni wanaopita njia za Machame na Lemosho hutumia siku kadhaa kupanda, mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kisha hushuka kwa njia ya Mweka, na lango la Mweka liko kwenye mita kama 1,640. Ni mteremko wa zaidi ya mita 4,000, na kwa kawaida hushukwa kwa siku mbili tu. Wakati wa kupanda, mgeni anahema, moyo unadunda, kila hatua ni kazi. Wakati wa kushuka anapumua vizuri na anaweza hata kupiga soga. Lakini muulize siku ya pili akiwa hotelini Moshi. Mapaja ya mbele hayagusiki, na ngazi za hoteli anazishuka kinyumenyume.

Kwa nini kazi iliyokuwa rahisi kwa mapafu ndiyo inayoumiza misuli? Kwa sababu kuna namna mbili za kubeba mzigo. Unapopanda, msuli wa mbele ya paja unafupika: unavuta, na goti linanyooka. Unaposhuka, goti linajikunja kwa uzito wa mwili, na msuli ule ule lazima ulizuie lisianguke ghafla. Unavuta, lakini uzito unaushinda kidogo kidogo, kwa hiyo unarefuka huku umekaza. Unafanya kazi ya breki. Na katika kazi hii ya breki mwili hutumia nyuzi chache zaidi kuliko unapopanda na mzigo ule ule, hivyo kila uzi unabeba zaidi ya fungu lake. Vipingili dhaifu hunyooshwa kupita kiasi, vingine huvurugika mpangilio, na utando unaozunguka nyuzi nao huvutwa.

Ukishaijua kazi ya breki, utaiona kila mahali: kuinama polepole shambani, kushusha ndoo ya maji kutoka kichwani, kusimama ghafla baada ya kukimbilia mpira, kujishusha kwenye pushapu, kushusha vyuma jimu. Nusu ya kushusha ya zoezi, ile tunayoiona ni ya kupumzika, ndiyo inayotuletea maumivu ya keshokutwa.

Wakimbiaji wetu wanaifahamu kwa gharama kubwa. Mbio za marathoni za Boston, Marekani, huanzia mji wa Hopkinton na kuishia sehemu ya chini zaidi kwa karibu mita 140, na mteremko mkubwa uko mwanzoni. Mgeni wa mbio hizo hufurahia wepesi wa kilomita za mwanzo, hukimbia kuliko alivyopanga, kisha anapofika vilima vya Newton, baada ya kilomita 25, mapaja yanamkatalia. Juma Ikangaa wa Tanzania alishika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 alizidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Mwaka 1990 aliushuka mteremko ule kwa kasi kubwa mno, akaongoza kwa muda mrefu, na Gelindo Bordin wa Italia, aliyeanza kwa utulivu, akampita na kushinda. Ikangaa alikuwa miongoni mwa watu hodari kuliko wote duniani katika kazi ile, lakini hata paja la bingwa lina kiasi chake cha breki.

Asidi haina hatia

Hadithi ya asidi imetoka wapi? Ina asili ya heshima. Msuli unapofanya kazi kali kuliko oksijeni inayoufikia, huvunja sukari kwa njia ya haraka, na njia hiyo hutoa asidi ya laktiki. Archibald Hill na Otto Meyerhof walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi yao juu ya misuli, na utafiti wa Meyerhof ulihusu hasa oksijeni na asidi hiyo. Kutoka hapo, viwanja vya michezo vikaichukua asidi na kuibebesha kila lawama.

Lakini mashtaka hayasimami. Asidi ya laktiki huondolewa kwenye misuli na damu ndani ya saa moja hivi baada ya kazi kwisha, na sehemu yake moyo wenyewe huitumia kama chakula. Mpaka Jumatatu inapofika, ya Jumamosi imekwisha zamani. Pia mlima umekwishatupa ushahidi: kupanda ndiko kunakotoa asidi nyingi, kushuka kunatoa kidogo, ilhali kushuka ndiko kunakouma. Kama kosa lingekuwa la asidi, ingekuwa kinyume.

Mtu wa kwanza kulisema jambo hili kwa usahihi alikuwa Theodore Hough, mtaalamu wa Marekani, mwaka 1902. Alitumia kifaa cha kupima kazi ya kidole kimoja, na akaona kuna maumivu ya aina mbili: yale ya papo hapo, yanayokuja na uchovu na kuondoka nao, na yale yanayochelewa kwa saa nyingi. Akasema haya ya pili yanatokana na kuchanika kidogo ndani ya msuli. Yapata nusu karne kabla ya kujulikana kwamba nyuzi zinateleza, alikuwa amekaribia sana ukweli.

Kwa nini yachelewe

Nyuzi za msuli zenyewe hazina hisia ya maumivu. Neva zinazohisi maumivu ziko kwenye ule utando mweupe na kandokando ya mishipa ya damu. Kipingili kinapovurugika Jumamosi jioni, neva hizo hazina habari. Habari huzifikia baadaye, ukarabati unapoanza. Damu huongezeka sehemu ile, maji huingia kati ya nyuzi, seli za kinga huwasili kuzoa vilivyoharibika, na kemikali zinazotolewa katika shughuli hiyo huzifanya neva ziwe nyepesi kuhisi. Hata kubonyezwa kidogo kunakuwa maumivu. Shughuli hii huchukua muda: maumivu huanza baada ya saa 12 hadi 24, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na huisha ndani ya wiki.

Kwa hiyo maumivu ya Jumatatu ni ya matengenezo. Uharibifu ulitokea juzi, bila kelele.

Na matengenezo hayo yana mafundi wake. Kandokando ya kila uzi zimelala seli ndogo ambazo Alexander Mauro alizitambua mwaka 1961 kwa darubini ya elektroni. Kazi isiyozoeleka huziamsha. Zinagawanyika, zinajiunga na uzi ulioumia na kuuongezea nguvu. Tena, ukirudia kazi ile ile wiki moja au mbili baadaye, maumivu yanakuwa madogo sana. Mara moja tu inatosha kuukinga msuli kwa wiki kadhaa. Waangalie wapagazi wa Kilimanjaro. Wanashuka njia ile ile ya Mweka wakiwa na mizigo, ambayo kanuni za hifadhi zinaitaka isizidi kilo 20, wanawapita wageni wasiobeba kitu, na wiki inayofuata wamo njiani tena. Mapaja yao yamefundishwa na mteremko.

Ufanye nini

Kwanza, usiogope, na usiache kabisa kutembea. Mwendo mwepesi hupunguza maumivu kwa muda. Kukanda kwa maji ya moto na kuchuliwa kunatuliza, ingawa hakufanyi msuli upone upesi zaidi. Kunyoosha viungo kabla au baada ya mazoezi, pamoja na faida zake nyingine, hakuzuii maumivu haya. Kinachozuia ni kimoja: kuanza kidogo na kuongeza taratibu. Anayejiandaa kwa mlima ashuke ngazi na vilima kwa wiki kadhaa, kwa kuwa kupanda peke yake hakumwandai kushuka. Na mafundi wanahitaji vifaa, kwa hiyo kula maharage, dagaa, mayai, choroko, chochote chenye protini ulicho nacho.

Tahadhari moja ni kubwa. Vidonge vikali vya maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, watu huvimeza ovyo baada ya kazi nzito juani. Figo za mtu aliyepungukiwa maji hazivihimili vizuri. Kunywa maji kwanza, na ukihitaji dawa muulize mfamasia.

Nenda hospitali haraka ukiona mojawapo ya haya:

- mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia au ya soda ya kola; maana yake msuli umeharibika kiasi cha kumwaga vitu vyake kwenye damu, na figo ziko hatarini;
- maumivu yalikuja ghafla, katikati ya kazi, yakiambatana na mlio au uvimbe;
- mguu mmoja tu, sehemu ya nyuma chini ya goti, umevimba na una joto;
- maumivu yamepita wiki bila kupungua, au yana homa.

Na wazee je?

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Kuanzia miaka ya 30 hivi, mtu asiyeushughulisha mwili hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na uzeeni kasi huongezeka. Nasi, kwa mapenzi, tunaisaidia kasi hiyo. Mama akifika miaka 70 tunamnyang'anya ufagio, tunamletea maji alipo, tunamwambia, "Bibi, wewe kaa tu." Anakaa. Baada ya mwaka anashindwa kuinuka kwenye kiti bila kushikwa mkono, na tunasema ni uzee.

Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, chini ya Maria Fiatarone, walitangaza walichokiona katika makao ya wazee jijini Boston. Walichukua wazee 10 dhaifu, wenye umri wa miaka 90 hivi, wakawapa mazoezi ya kunyanyua na kushusha uzito kwa miguu kwa wiki 8. Waliomaliza walikuwa 9. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao wakaacha fimbo zao za kutembelea. Msuli wa miaka 90 ulikuwa bado unajua kujijenga.

Kama una mzee nyumbani, na daktari hajamzuia, mrudishie kazi nyepesi alizozizoea. Mwekee kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Asubuhi ainuke na kukaa mara tano, jioni mara tano, na aongeze kadiri anavyoweza. Kukaa ndiko kwenye breki, kwa hiyo ashuke polepole mpaka afike. Kama hawezi kuinuka bila kushikwa, mtafutie kiti kirefu zaidi aanzie hapo, na wewe simama karibu.